Darasa la Kwanza Limefurika: Je, Tuweke Ukomo?

SWALI: Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi mkoani Geita. Tangu ada ifutwe, darasa la kwanza lina watoto zaidi ya 150 katika chumba kimoja, wengine wakikaa chini. Kikaoni baadhi ya wazazi walipendekeza tuweke ukomo wa uandikishaji. Je, si afadhali wachache waelimike kuliko wengi wahudhurie tu?

JIBU: Ndugu msomaji, kisheria kamati haina mamlaka hayo, kwani Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 imelifanya suala la kuandikisha na kuhudhuria kuwa la lazima. Lakini hata ingekuwa hiari yenu, historia haiwaungi mkono wazazi hao. Ada na michango iliporudi katika miaka ya 1980, baada ya msukumo wa elimu ya msingi kwa wote (UPE) na wale walimu wake waliofunzwa harakaharaka, uandikishaji ulishuka; hata hivyo, kufikia mwaka 2000 wengi wa watahiniwa wa darasa la saba walikuwa wakifeli. Waliofukuzwa na ada walikuwa watoto wa maskini, na waliobaki hawakufaidika kwa kuondoka kwao.

Mimi ningeanza na ratiba. Katika shule nyingi mwalimu hodari hupelekwa darasa la saba, kwa kuwa matokeo yake ndiyo yanayotangazwa, ilhali darasa la kwanza huachiwa mwalimu mmoja. Madaftari 150, hata akiyasahihisha kwa dakika moja moja, ni saa mbili na nusu kwa somo moja tu; kwa hiyo huweka alama ya vema bila kusoma, na mtoto asiyeweza kuunganisha silabi hufika darasa la tatu akinakili ubao kama anayechora picha. Ligaweni darasa hilo mikondo, hata kwa zamu ya asubuhi na mchana (vipindi vitapungua, nakiri, lakini mwalimu atamfikia kila mtoto), na mwombeni mwalimu mkuu awashushe huko walimu wake wazuri.

Kuhusu fedha, msitarajie kwamba ruzuku peke yake itatosha. Jaribio la KiuFunza, lililofanywa na shirika la Twaweza katika shule 350 mwaka 2013 na 2014, lilionyesha kuwa shule zilizopewa ruzuku pekee hazikuinua alama za watoto, bali zile zilizoipata pamoja na motisha kwa walimu kulingana na wanafunzi waliofaulu ndizo zilizopiga hatua. Kamati haina uwezo wa kulipa motisha ya namna hiyo, lakini inaweza kuomba kila muhula taarifa ya watoto wangapi wa darasa la pili wanasoma aya fupi bila kusaidiwa, na kuijadili kikaoni kwa uzito uleule mnaoupa mtihani wa darasa la saba.