Kufilisika Marekani: anayekuhoji sio jaji, na sio loya wako

Wapendwa, za siku nyingi. Jumanne nimepokea barua kwamba kesi yangu ya kufilisika imefungwa rasmi, nimeisoma nimesimama pale pale kwenye kisanduku cha barua machozi yananitoka, alafu jioni nafungua simu nakuta ujumbe wa dada mmoja yuko Ohio: "Dada, nimefaili Chapta 7, kuna mbaba kaniandikia anataka stetimenti zangu za benki na ritani ya kodi. Huyu ndo jaji? Au katumwa na watu wa kredit kadi? Nimpe au nisimpe?" Kufaili Chapta 7 ni kufungua kesi ya kufilisika ili ufutiwe madeni, na ritani ni ile fomu ya kodi ya mapato ya kila mwaka. Nikaona hapana, hili silijibu kwa mstari mmoja. Mimi kutokujua nani ni nani kwenye kesi yangu kulinifarakanisha na kaka yangu wa tumbo moja.

Wanaonijua wanajua niko Houston mwaka wa tisa sasa, nabeba boksi kama wenzangu, shifti za usiku nyumba ya wazee. Sikufilisika kwa starehe. Nilifanyiwa opareshini, nikakaa bila kazi wiki kadhaa, bili ya hospitali ikaja na nyingine ya daktari wa usingizi mbali, nikaanza kulipa kodi ya nyumba kwa kredit kadi, na nyumbani nako mama anaumwa, utamwambia mama nini? Nikafika dola elfu 41. Nikawa simu ikiita naruka.

Basi nikaenda ofisi moja ya loya. Loya mwenyewe nilimwona dakika kama kumi na tano, akaniuliza mawili matatu, akaniambia Chapta 7 inakufaa, kuanzia pale kila kitu nikawa naongea na binti mmoja mchangamfu sana, anapokea simu, ananijazia fomu, ananikumbusha ile kozi ya ushauri wa madeni ambayo lazima uifanye ndani ya siku 180 kabla hujafaili. Mimi nikawa namwita "loya wangu". Hakuwa loya. Alikuwa msaidizi wa kisheria, na msaidizi haruhusiwi kukupa ushauri wa sheria, kazi yake ni makaratasi. Mimi nilijuaje? Hakuna aliyeniambia, na mimi sikuuliza.

Februari hela ya kodi ya mapato niliyokatwa zaidi ikarudi. Kaka yangu alikuwa kanikopesha dola 4,000 wakati wa opareshini, na mtoto wake anaanza chuo. Nikampigia yule binti, nikamuuliza naweza kumlipa kaka kwanza kabla hatujafaili? Akajibu, "Sioni shida, ni familia yako." Nikamlipa yote siku hiyo hiyo, nikalala usingizi mzuri. Kwetu deni la ndugu ndo la kwanza kulipwa, benki itasubiri. Mei tukafaili.

Sasa dada wa Ohio nisikilize hapa. Huyo mbaba aliyekuandikia ni mfilisi wa kesi yako, wenyewe wanamwita trastii. Neno ufilisi Watanzania tunalo, limo kwenye jina la RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, sema wengi pale tunaenda kufuata cheti cha kuzaliwa tu. Mfilisi sio jaji, sio loya wako, wala hajatumwa na kredit kadi. Anateuliwa na ofisi iliyo chini ya Wizara ya Sheria ya Marekani (isipokuwa Alabama na North Carolina, kule wana utaratibu wao), na kazi yake ni kuangalia una nini, kipi sheria inakulinda ubaki nacho, na kipi kinaweza kuuzwa au kurudishwa wagawiwe wanaokudai. Kwenye ile ada ya mahakama ya dola 338, sehemu ndogo ndo yake, zaidi ya hapo analipwa asilimia ya atakachokipata na kukigawa. Kwa hiyo akikuuliza sana hakuchukii, ndo kazi yake. Lakini pia usimfanye rafiki. Na karatasi anazoomba mpe, ila zipitie kwa loya wako, ritani ya kodi inatakiwa imfikie siku 7 kabla ya kikao.

Kikao chenyewe kipo kati ya siku 21 na 40 toka umefaili. Mimi nilivaa kama naenda harusini, nikakaa mbele ya Zoom natetemeka nikijua namwona jaji. Jaji hayupo, sheria inamkataza kabisa kuhudhuria kikao kile. Ni mfilisi, loya wako, na wewe uliyeapishwa, mnarekodiwa. Wanaokudai wanaruhusiwa kuja ila kwangu hakuja hata mmoja. Kama kiingereza chako hakiko sawa omba mkalimani mapema kupitia loya wako, ni wa kwenye simu na ni bure, usije ukaitikia "yes" kitu hujakielewa na umeapa.

Akaniuliza kuhusu kiwanja changu cha Kibaha. Nilikuwa nimekiandika, ingawa kuna mtu alinishauri nikifiche eti Marekani hawawezi kukiona. Jamani, mali yako popote duniani ni ya kuandikwa, iwe kiwanja Kibaha au hela iliyoko kwenye mchezo (upatu), kuficha ni kosa la jinai. Kwenye kiwanja tulimalizana vizuri. Alafu akauliza, kwa sauti ya upole tu, ndani ya mwaka mmoja umemlipa ndugu yeyote deni? Nikasema ndiyo, kaka yangu, elfu nne. Nikaona loya wangu kafumba macho. Malipo hayo kwenye fomu hayakuwepo.

Ukimlipa ndugu deni ndani ya mwaka kabla hujafaili, na ni dola 600 au zaidi, mfilisi anaweza kumfuata huyo ndugu airudishe ili igawiwe wote wanaokudai. Na ndicho alichofanya. Kaka akapokea barua inamdai elfu nne alizokwisha zilipia chuo. Akanipigia mara moja tu, akasema, "Umeniuza." Akazilipa kwa awamu, na mimi sijasikia sauti yake tena mpaka leo.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaohangaika na madeni huku, ulizeni. Kila anayekupigia kuhusu kesi yako muulize wewe ni nani na unafanya kazi kwa nani. Kabla hujatoa hela kwa ndugu muulize loya mwenyewe, sio anayepokea simu, loya mwenye leseni, na akujibu kwa maandishi. Karani wa mahakama naye ni mtu mzuri, atakupa namba ya kesi na tarehe, ndo ofisi inayowatumia barua wanaokudai, lakini naye haruhusiwi kukushauri. Na wale wajaza fomu wa bei rahisi mnaowapata kwenye magrupu ya wasap, ambao sio maloya, sheria inawaruhusu kuchapa unachowaambia tu basi. Tuache aibu jamani. Aibu ndo inatufanya tuitikie tu wakati hatujaelewa, mtu unaogopa kuonekana mshamba huku maisha yako yako mezani. Uliza. Wakikasirika waache wakasirike, umewalipa.

Na Chapta 13 sijaigusa kwa sababu sikuipitia, ila nayo ina mfilisi, unamlipa yeye kila mwezi kwa miaka 3 hadi 5 na yeye ndo anawagawia.

Hati ya kufutiwa madeni nilishaipata Agosti, kilichobaki wazi ilikuwa ni hii habari ya kaka, ndo imefungwa sasa. Hati ile imetoka kwa jaji ambaye sijawahi kumwona sura. Loya, safari hii mwenyewe, ameniambia hakuna sheria inayonizuia kumlipa kaka kwa hiari yangu. Nimeanza. Dola 150 kila tarehe 5, natuma kwa simu na Zelle, naandika "Kaka, ya mwezi huu". Anapokea, hajibu. Mwezi ujao itakuwa ya nne.