Rukia, usimtumie kaka yako meseji

Mwanangu Rukia,

Asalaam aleikum. Sauti uliyonitumia juzi usiku nimeisikiliza mara mbili, nikaona jibu lake nikuandikie, maana siku ukilihitaji utataka kulisoma tena. Umeniuliza: "Mama, siku ya operesheni yako jambo likienda kombo, na kaka Salimu yuko huko alikopelekwa na jeshi la Marekani, nitampataje? Nimtumie meseji, au nimtafute mkubwa wake?" Nimesikia unavyotetemeka. Nitakujibu bila kukuficha, kwa kuwa siku hiyo mimi nitakuwa kitandani na wewe ndiye utakayeshika simu.

Wapigie Msalaba Mwekundu wa Marekani, 1-877-272-7337. Wanapokea usiku na mchana, siku zote za mwaka, wala hawatozi hata senti. Wao wataulizia hospitalini kama habari ni ya kweli, kisha wataifikisha kwa wakuu wa kikosi cha Salimu, na huko ndiko atakakoitwa na kuambiwa.

Utasema ni safari ndefu ya nini, na kijana ana simu mfukoni. Nami nilisema hivyohivyo baba yenu alipopata kiharusi. Wewe ulikuwa bado mdogo, tulikuficha mengi. Nilikuwa nimesimama kwenye ukumbi wa hospitali, mchana kweupe, sikukumbuka kabisa kwamba kwa Salimu huko ni usiku wa manane. Nikaandika: "Baba yako ameanguka, hazungumzi, njoo." Akaisoma peke yake, muda mfupi kabla ya kwenda lindo na bunduki mkononi. Asubuhi alimwendea mkubwa wake na ile simu. Yule mkubwa alimhurumia sana, lakini akamwambia kwamba ruhusa haiwezi kutolewa kwa meseji ya mama. Ilitakiwa taarifa iliyothibitishwa. Ndipo Salimu akanipigia, analia, kunieleza nipige wapi. Tukapoteza siku mbili, na siku mbili hizo baba yenu alikuwa bado anatutambua sote. Salimu alipofika alikuwa hatambui mtu. Hajanilaumu hata siku moja, lakini mimi najua.

Kinachompa kamanda nguvu ya kuamua ni maneno ya daktari: mgonjwa ana nini, hali yake ikoje, anatazamiwa kupona au la, na kama daktari anaona mtoto anahitajika kuwa karibu. Kwa hiyo kabla hujapiga, mtafute muuguzi wa zamu, mwambie kwamba Msalaba Mwekundu watauliza habari zangu, na kwamba familia imeridhia waelezwe. Mimi nitalisema hilo mwenyewe siku ya kulazwa, waliandike kwenye faili. Nisiposema, nikumbushe. Na uelewe kwamba Msalaba Mwekundu hawatoi likizo. Wanafikisha habari tu. Mwenye kusema "nenda" au "subiri" ni kamanda, naye anaangalia pia kazi iliyo mbele yake. Akisema subiri, usiwagombeze waliokupokelea simu.

Watakuuliza jina lake kamili. Sisi nyumbani tunamwita Salimu, lakini jeshini ni Salim, bila u mwishoni, na jina la babu yake lipo katikati. Litamke herufi kwa herufi. Watataka cheo chake, kwamba yuko Jeshi la Nchi Kavu, tarehe ya kuzaliwa au namba yake ya soshiali, yaani Social Security, kikosi alichopelekwa nacho, na kikosi chake cha huku nyumbani. Nchi aliyoko si lazima uijue. Mimi mwenyewe siijui, na sijamuuliza. Ukimaliza watakupa namba ya shauri lako. Iandike, ndiyo utakayoitaja kila ukipiga kuulizia wamefikia wapi.

Sasa nisikilize vizuri kuhusu jamaa zetu, kwa kuwa hapa watu wetu wengi hukwama. Kwetu mama ni wengi. Mama mkubwa ni mama, mama mdogo ni mama, na shangazi yenu ukimwita "anti" mbele ya baba yenu ungekatwa jicho. Lakini jeshi linahesabu kwa namna yake: mzazi, mke au mume, mtoto, ndugu wa kuzaliwa, na mtu aliyemlea askari mahali pa mzazi. Siku mama yenu mkubwa akiugua, usije ukasema "mother" kwenye simu kwa mazoea. Hospitali itasema jambo jingine, na taarifa nzima itatiliwa shaka.

Bibi yenu alipofariki Tanga nilikuwa nimeshajifunza. Nilieleza tangu mwanzo kwamba huyu ni bibi, lakini ndiye aliyemlea Salimu miaka sita pale Ngamiani, nilipotangulia kuja huku na baba yenu. Mjomba wenu alinipa jina la daktari na namba ya hospitali, akakaa na simu yake mkononi usiku kucha ili wakipiga wampate. Kuulizia hadi Tanga kulichukua muda zaidi, lakini ilikubaliwa. Kuzikwa, Bibi alizikwa siku ya pili baada ya adhuhuri kama dini inavyotaka, na Salimu hakuwahi. Alikuta matanga yameshaanuliwa. Lakini alikwenda makaburini, akasoma yasini yake, akalala wiki nzima kwenye kile chumba chake cha utotoni. Aliniambia kwamba safari ile kamanda alimwita ofisini, akamkalisha, na sheikh wa jeshi alikuwa tayari yupo chumbani. Nauli alikopeshwa na Army Emergency Relief, mfuko wa askari ulioanzishwa mwaka 1942, bila riba. Hilo nalo waulize hao wa Msalaba Mwekundu, wao humuunganisha askari na mfuko huo.

Ukishapiga, huenda zikapita saa nyingi, hata siku, bila Salimu kukujibu. Usidhani amekataa au amepatwa na jambo. Askari akiuawa, wakuu hufunga simu na intaneti za wenzake mpaka familia ya marehemu iambiwe kwanza. Tarehe 5 Januari 2020, al-Shabaab waliposhambulia kambi ya Manda Bay kule Lamu na Wamarekani watatu wakauawa, mimi nilijua tu kwamba Salimu yuko Afrika Mashariki. Simu yake ilikuwa kimya. Sikula, sikulala, nikawa napiga kila dakika, kumbe alikuwa salama mbali na hapo.

Na mtu akikupigia akisema yeye ni wa Msalaba Mwekundu, Salimu ameumia, anataka namba zake au pesa za matibabu, kata simu. Kazi yao ni kupeleka habari za nyumbani kwa askari. Habari za askari aliyeumia huletwa na jeshi lenyewe. Na ile nyingine, Mungu apishe mbali, inaletwa mlangoni na watu waliovaa sare.

Karatasi yenye mambo yote haya nimeiweka ndani ya kasha la msahafu wangu, chini ya kitambaa cha kijani. Ipige picha ukija, lakini usiitume kwenye grupu la familia. Waambie na wajomba zako wasiweke neno Facebook hata la dua, mpaka Salimu awe ameitwa na kuambiwa.

Ukimaliza kuzungumza na Msalaba Mwekundu, usimwandikie kitu. Kaa karibu na simu. Atakupigia yeye, pengine kwa namba usiyoijua, ndefu, ya ajabu ajabu. Hiyo ipokee.

Mama yako