Tatizo la modeli yako liko ukutani

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Nyegezi, Mwanza, naandika tasnifu ya uzamili kuhusu plazma ya klorini (gesi iliyochajiwa umeme), ile ya kuchongea silikoni ya chipu. Kwa mgandamizo wa paskali 1.3, modeli yangu inasema karibu molekuli zote zimevunjika kuwa atomi. Vipimo vya chemba ninayoiiga vinaonyesha zaidi ya nusu bado ni molekuli. Rafiki kanipa faili la mimenyuko ya kikemikali zaidi ya 200. Niliingize?

JIBU: Marahaba. Usiliingize.

Katika faili la modeli yako ulilonitumia, mimenyuko ya gesi imejaza kurasa tatu. Ukuta wa chemba una mstari mmoja tu: 0.001. Yaani katika atomi 1,000 zinazogonga ukuta, 1 ndiyo inayoungana na mwenzake kuwa molekuli tena, nyingine zote zinarudi zikiwa atomi. Pembeni umeandika kuwa namba hiyo ni ya kioo cha kwatzi, na chemba unayoiiga ni ya chuma kisichoshika kutu! Kati ya ukuta na ukuta namba hiyo hupishana mara kumi na zaidi. Hata ukuta uleule hubadilika, kwa sababu mabaki ya silikoni iliyochongwa huufunika.

Paskali 1.3 haifiki hata sehemu moja kwa 60,000 ya mgandamizo wa hewa unayovuta hapo Nyegezi. Atomi mbili za klorini zikikutana humo haziwezi kushikana zenyewe. Muungano wao unatoa nishati ya takriban elektronivolti 2.5, na lazima awepo wa tatu, yaani chembe nyingine, wa kuibeba nishati hiyo. Kumsubiri huyo wa tatu ni suala la dakika. Ukutani atomi inafika ndani ya milisekunde chache. Mtumbwi wa Ukerewe na wa Kome inaweza kumaliza mwezi bila kuonana katikati ya ziwa, lakini Mwaloni Kirumba, inakotia nanga, itakutana tu. Mimenyuko 200 ya gesi haitakuongezea mwalo.

Mafaili haya yanayopitishwa mkono kwa mkono yananiudhi, maana nayaona kila muhula na hakuna anayeuliza kila namba ilipimwa wapi. Linaloniudhi zaidi ni lile linalofuata: mtu anaipandisha namba ya ukuta taratibu hadi mchoro wake upite kwenye nukta moja ya vipimo, kisha anaandika "modeli imethibitishwa". Nukta moja ukiwa na kitasa cha kuzungusha utaipata tu, hata kama kemia yako yote ni mbovu. Na wapo watakaoinukuu namba hiyo kana kwamba ilipimwa maabara.

Kwa hiyo tafuta vipimo vya atomi, elektroni na ioni hasi vya chemba ileile, katika migandamizo isiyopungua mitatu. Linganisha vyote kwa pamoja. Ukilazimika kubadilisha namba ya ukuta njiani, andika ni kitu gani kimebadilika juu ya ukuta huo.