Mbege yangu ya kwanza, nimepikia uani Dar

Mkuu umeuliza mtu anajisikiaje siku anapika pombe yake mwenyewe kwa mara ya kwanza, na kama inawezekana ukiwa mjini kwenye nyumba ya kupanga. Inawezekana kabisa. Mi yangu ilikua mbege, ile pombe ya ndizi na ulezi ya Wachaga, na raha niliyoipata siku zile ndo imenifanya nikae hapa kukuandikia yote haya.

Sisi kwetu Kibosho, Kilimanjaro. Disemba ile sikupata likizo, watu wote wamepanda mabasi wameenda nyumbani, nimebaki Dar na baba mdogo ambae nae alikua anaumwa mguu hawezi kusafiri. Nikampigia shangazi nikamwambia shangazi nifundishe mbege, akacheka sana, alafu akanyamaza, akasema kalamu unayo? Tukaongea karibu saa zima.

Kitu cha kwanza ujue, kazi inaanza na ulezi, ndizi zinasubiri. Nilinunua kilo mbili Tandale, nikaloweka usiku mzima, asubuhi nikautandaza juu ya gunia lililolowa nikafunika na gunia lingine nikawa nanyunyizia maji. Siku ya pili jioni nafunua naona vimizizi vyeupe vidogo vimetoka kila punje, aisee nilimwita mke wangu aje aone. Hapo ndo kimea. Punje ikianza kuota inatengeneza vimeng'enya vya kugeuza wanga kuwa sukari, ukiitafuna unaisikia utamu kabisa, nilitafuna kama nne hivi. Unaanika juani mpaka ukauke kabisa ndo unapeleka mashine, ukisaga na unyevu unapata ukungu na pombe inaharibika.

Ndizi nikafata Mabibo kule sokoni panapoitwa mahakama ya ndizi, mkungu mmoja mkubwa, nikaacha ziive mpaka maganda yanapata madoa meusi maana hapo ndo sukari imejaa. Menya, weka sufuria kubwa na maji, jiko la mkaa, na hapa usiwe na haraka mkuu. Mi nilichochea toka saa nne asubuhi mpaka saa nane. Mwanzoni ni ndizi za kuchemsha tu hamna cha ajabu, alafu taratibu rangi inageuka, inakua kahawia inaelekea wekundu, na harufu inabadilika inakua kama asali iliyokaribia kuungua, yani harufu ya nyumbani kwa bibi ikanijia pale uani Kimara nikasimama na mwiko mkononi nimesahau kuchochea. Jirani yangu ambae hanywi pombe nilishamwambia mapema kwamba kutakua na harufu kwa wiki hii, na wewe fanya hivyo, ni heshima na inakupunguzia maneno.

Ikapoa, nikamimina kwenye ndoo mbili za lita 20. Hii shangazi anaiita nyalu. Hamira ya dukani hamna, inajiumua yenyewe na hamira ya asili iliyoko hewani na kwenye vyombo. Sasa kule Kibosho pipa la shangazi limepikiwa miaka na miaka, hamira imeshajaa kwenye mbao, mi ndoo zangu mpya za plastiki hazina kitu. Usiku wa kwanza kimya. Kesho yake mchana kimya. Nikaanza kuwaza nimepoteza mkungu mzima, nampigia shangazi ananiambia wee mwanangu iache, usiifunue funue.

Usiku wa pili kama saa tano nimeenda kufunga geti nikapita pale kwenye ndoo, nikasikia. Kasauti kadogo ka tss tss tss kama soda iliyofunguliwa sasa hivi ila haikatiki. Nikachuchumaa nikaweka sikio kwenye ndoo, ndani kunachemka na moto hamna! Nilikaa pale chini nadhani nusu saa. Mkuu kama unauliza raha iko wapi, kwangu ilikua pale, kabla hata ya kunywa, ile kujua kitu nilichokichochea kwa mkono wangu sasa kiko hai kinafanya kazi chenyewe.

Ila nikakosea, kwa furaha nikafunga mfuniko wa ndoo moja ukabana kabisa. Alfajiri pwaa, mfuniko umeruka, povu ukutani. Ile hewa inayotoka lazima ipate njia, kwaiyo funika na kitambaa safi ukifunge na kamba, hiyo inatosha na nzi hawaingii. Pia shangazi aliniambia siku tano, lakini joto la Dar sio la mlimani, yangu siku ya tatu povu lilishaanza kutulia na imekolea. Onja kila siku na kikombe safi, ulimi ndo utakwambia.

Siku ya mwisho unakamua na kuchuja machicha, unaongeza maji, alafu unapika uji wa ule unga wa kimea, huo ndo mso. Utashangaa hauwi mzito kama uji wa kawaida, unalegea. Humo ndo nikatia maji ya msesewe, lile gome chungu, shangazi alinitumia kwa basi limefungwa kwenye gazeti. Weka kidogo sana, ni kwa ajili ya ule uchungu wa mwisho kooni, ukizidisha umeharibu. Uache mso upoe kabisa ndo uchanganye, ukimimina wa moto unaua hamira yote. Ukalale. Asubuhi mbege iko tayari.

Nilionja kwanza mimi mbele ya watu wa nyumbani, kwetu mwenye pombe ndo anaanza. Alafu nikampa baba mdogo kata kwa mikono miwili. Akanywa, akaifuta midomo, akaniuliza ulezi umeotesha siku ngapi, nikamwambia mbili, akasema ungeacha tatu ingekua tamu zaidi, na akaendelea kunywa mpaka ikaisha. Toka hapo naacha siku tatu, na ni kweli.

Inywe siku hiyo au kesho yake, baada ya hapo inakua chachu. Na gome kama hujapata bora upike bila uchungu kuliko kuokota gome lolote la mti usioujua. Mi mwezi ujao naenda Moshi, ukihitaji msesewe sema mapema nikubebee.