Mtoto kafiwa, nyumbani wanasema mama kasafiri

Swali: Habari dada, nafundisha darasa la pili. Nina mtoto wa miaka 8, mama yake kafariki wiki tatu sasa. Siku ya msiba alipelekwa kwa jirani na mpaka leo anaambiwa mama kasafiri. Anacheza na kucheka kama kawaida ila kila ikifika saa nne analia tumbo. Bibi yake kaniomba na mimi niseme kasafiri. Nifanyeje?

Jibu: Mwalimu, usiseme. Hili la safari nakutana nalo kila muhula na kila muhula linaniumiza upya, maana mtoto wa miaka 8 ameshajua, kaona turubai, kaona kina mama wanalia, kasikia wenzie wakinong'ona, sasa mkimficha anachojifunza ni kwamba hakuna mkubwa wa kumuuliza. Asipouliza anajijibu mwenyewe, na mara nyingi jibu lake ni kwamba yeye ndo kosa, alimkasirisha mama. Nilishakaa na mtoto aliyegoma kuhamia kwa mjomba wake, kumbe anawaza mama akirudi safari atamkuta wapi. Mwingine aliambiwa mama kalala, akawa anaogopa kufumba macho usiku.

Kicheko kisikudanganye, huzuni ya mtoto inakuja na kuondoka, analia dakika mbili anakimbilia mpira. Na tumbo linauma kweli, sio uongo. Akapimwe, ila muulize pia mama alikuwa anamfungia nini cha kula saa nne.

Usimpasulie wewe. Kaa na bibi, mpe pole, yeye ndo aseme kwa neno lenyewe: mama amekufa, harudi, na sio kosa lako. Ya peponi yaje baada ya hapo, sio badala yake. Shuleni mpangie mwalimu mmoja wa kumkimbilia akizidiwa, bila kuomba ruhusa mbele ya darasa.

Halafu walimu wote, jamani, hawa wanaokuja na semina ya kuponya majeraha ya saa mbili, wanawafumbisha macho watoto mia wanalia pamoja kisha wanaondoka na bahasha, jioni nani anabaki na wale watoto? Na waganga wanaosema mtoto akimuota marehemu ni mzimu, achanjwe, msiwasikilize, kuota ni kawaida ya mfiwa. Ila akisema anataka kumfuata mama msisubiri likizo wala maombi yaishe, ni hospitali siku hiyohiyo, na pigeni 116, simu ya watoto, ni bure.