Je, mbwa mzee aliye ndani ya uzio bado anahitaji chanjo?

SWALI: Mhariri, ninafuga mbwa mwenye umri wa miaka minane. Alipokuwa mdogo alipewa chanjo zote na mwaka uliofuata akarudiwa, lakini tangu wakati huo hajachanjwa tena, kwa kuwa hatoki nje ya uzio na hajawahi kuugua. Sasa daktari wa mifugo ananishauri achanjwe, ilhali jirani yangu anasema mbwa wa umri huo ameshajijengea kinga ya kutosha. Nani nimsikilize? Na je, italazimu nianze upya mfululizo mzima kama wa mtoto wa mbwa? – Msomaji

JIBU: Jirani yako hajakosea kabisa, ila amekosea mahali penye hatari kubwa zaidi. Tatizo ni kuzihesabu chanjo zote kuwa kitu kimoja, wakati kila moja ina muda wake wa kumlinda mbwa.

Mtoto wa mbwa huchanjwa mara kadhaa, kuanzia wiki ya 6 hadi ya 8 na kuendelea mpaka afikishe angalau wiki 16, kwa sababu kingamwili alizopata kwa mama yake huweza kuizuia chanjo isifanye kazi, na hakuna ajuaye kwa kumtazama tu ni lini zimekwisha mwilini mwake. Mbwa wako hana kizuizi hicho, hivyo mfululizo ule haumhusu. Kwa magonjwa ya distempa, parvo na homa ya ini ya mbwa, ambayo chanjo zake kwa kawaida hutengenezwa kwa virusi hai vilivyodhoofishwa, dozi moja humtosha mbwa mzima. Kinga yake hudumu miaka mingi, na ndiyo maana miongozo ya kimataifa ya madaktari wa wanyama inashauri zisirudiwe mara nyingi zaidi ya mara moja kila miaka mitatu. Ukipenda, unaweza kuomba damu ipimwe kwanza ili kuona kama kingamwili bado zipo.

Kichaa cha mbwa ni suala jingine. Chanjo yake hurudiwa kila mwaka au kila miaka mitatu, kulingana na aina iliyotumika na sheria ya mahali, na kwa kawaida sheria hiyo haikubali kipimo cha damu badala ya sindano. Dalili zikishajitokeza, ugonjwa huu huua karibu kila mara, awe mbwa au binadamu, na takriban asilimia 99 ya watu wanaoupata huambukizwa na mbwa. Uzio humzuia mbwa wako kutoka. Haumzuii mnyama mwenye ugonjwa kuingia. Hapa sioni nafasi ya kusubiri.

Leptospirosisi nayo husababishwa na bakteria wanaoenezwa hasa kwa mkojo wa panya, na panya haombi ruhusa langoni. Kinga ya chanjo yake huhesabiwa kuwa ya mwaka mmoja hivi. Kwa kuwa mbwa wako amekaa miaka mingi bila kuipata, chanjo hii ndiyo itakayohitaji kuanzwa upya, kwa dozi mbili zinazopishana wiki mbili hadi nne, kisha moja kila mwaka. Ya kikohozi cha mbwa ina maana zaidi kwa mbwa anayechangamana na wenzake. Wa kwako, kwa maelezo yako, anaweza kuikosa.

Umri peke yake si sababu ya kumnyima chanjo, kwani mbwa mzee aliyechanjwa utotoni kwa kawaida huitikia vizuri dozi ya kurudia. Daktari ataahirisha iwapo mbwa ana homa siku hiyo, na ni lazima umweleze ikiwa anatumia dawa zinazopunguza kinga ya mwili. Baada ya sindano, uchovu au uvimbe mdogo wa siku moja au mbili si jambo la kutisha, lakini uso ukivimba, akitapika mfululizo au akipumua kwa shida, mrudishe kliniki mara moja. Kabla ya kuondoka hapo, hakikisha kadi yake imeandikwa tarehe ya kurudia kwa kila chanjo peke yake, maana tarehe moja ya jumla itakurudisha kwenye mkanganyiko huu huu.