Mwalimu Ugenini: Maswali Yenu ya Mwaka wa Kwanza Marekani

Kila mwezi wa Agosti walimu vijana kutoka Afrika Mashariki hufika Marekani kufundisha Kiswahili vyuoni. Wengi huja kwa Fulbright, mpango wa serikali ya Marekani, katika tawi lake la walimu wa lugha linalojulikana kwa herufi FLTA, wa mwaka mmoja wa masomo: unafundisha, na wewe mwenyewe unasoma masomo mawili kila muhula. Mimi nilitoka Tanga nikafundisha huko miaka 14. Barua zenu huanza kumiminika Oktoba, shamrashamra za mapokezi zikishakwisha na baridi ikianza kuuma. Hizi ndizo za safari hii.

Shikamoo Mwalimu. Nina wanafunzi 12 wa Kiswahili cha mwanzo. Wanakula darasani, wanakunja miguu juu ya viti, wananiita kwa jina langu la kwanza. Nina miaka 26, nimefundisha sekondari Bungoma miaka mitatu, na sijawahi kudharauliwa hivi. Halafu mmoja wao ni mama wa miaka 61. Huyo nimwamkie au aniamkie? — Wisconsin

Marahaba, mwanangu. Hujadharauliwa. Kijana anayetafuna mkate darasani saa tatu asubuhi huenda alikuwa kazini mpaka usiku wa manane, na mkate huo ndio kitu cha kwanza kuingia tumboni mwake. Mwenye jeuri humjui kwa mkate. Mtazame anavyokusikiliza.

Lakini darasa la Kiswahili ni lako, na lugha huja na adabu zake. Siku ya kwanza nilikuwa nawaambia: nje ya mlango huu niiteni mnavyozoea, ndani ya mlango huu mimi ni Mwalimu. Hakuna aliyekataa hata siku moja. Walilipenda jina lile mpaka wakawa wananiita hivyo sokoni. Ya chakula, simu na kuchelewa yaandike kwenye silabasi, pamoja na alama zitakazokatwa. Huko silabasi ni mkataba. Jambo ambalo hukuliandika Agosti huwezi kumdai mtu Novemba.

Mama wa miaka 61 mwamkie wewe. Ingia, sema shikamoo, mfundishe kuitikia marahaba. Darasa zima litaona kwa macho yake kwamba ualimu haufuti umri. Somo hilo kitabuni hulipati.

Mwalimu, nilibandika matokeo ya jaribio mlangoni, majina na alama, kama tulivyozoea chuoni kwetu. Saa moja haikupita, mkuu wa idara akaniita na kuyabandua mwenyewe. Nimekosa nini? — Kansas

Umegusa sheria. Inaitwa FERPA, ya mwaka 1974, na inalinda kumbukumbu za masomo za mwanafunzi. Alama za mtu ni siri yake. Hazibandikwi kwa jina wala kwa namba ya chuo, hazisomwi kwa sauti, na karatasi zilizosahihishwa haziachwi mezani kila mtu apekue yake. Hata baba mtu akikupigia simu kuulizia maendeleo ya mwanawe, usimjibu, mwelekeze ofisi ya chuo. Mimi nami nilibandika, muhula wangu wa kwanza, na nilikuwa nimepiga mstari mwekundu chini ya walioshindwa. Binti mmoja hakurudi darasani wiki mbili. Mpaka leo naikumbuka sura yake, na tangu siku ile sidhani tena kwamba ule ubao wetu wa matokeo unamhimiza mtu kusoma.

Nenda kwa mkuu wa idara, sema hukujua, omba akueleze mengine usiyoyajua. Hilo la pili ndilo muhimu.

Nina mwanafunzi Mkongo, alikulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma. Anaongea Kiswahili haraka kuliko mimi, lakini anasema "batoto" na "aksanti". Nikimsahihisha ananyamaza. Sasa hata mkono hanyoshi. Nimsaidieje? — Mwalimu kutoka Morogoro, Kentucky

Kaka yangu, barua yako nimeisoma mara tatu.

Katika miaka ya 2010 Wakongo walikuwa miongoni mwa makundi makubwa ya wakimbizi waliopokelewa Marekani, na wengi walipitia kambi za Kigoma na za Uganda. Watoto wao sasa wako vyuoni. Wanakuja darasani kwako wakitafuta kitu kimoja: mahali ambapo lugha ya mama yao ina kiti. Wewe ukaja na kalamu nyekundu.

Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa za Kongo. Anachosema kijana huyo kina kanuni zake, kama Kimvita cha Mombasa kilivyo na zake na Kingazija cha Ngazija zake. Sanifu tunayofundisha ilitokana na uamuzi. Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, lahaja ya Unguja ndiyo iliyochaguliwa iwe msingi, na kamati ya kuisimamia ikaundwa mwaka 1930. Wapo waliotaka Kimvita, na kwa utajiri wa mashairi yake walikuwa na hoja. Kama kura ingeangukia kwingine, wewe na mimi ndio tungekuwa tunasahihishwa.

Kwa hiyo mwite pembeni umwombe radhi. Usimweleze isimu kwanza, anza na radhi. Kisha mwambie ukweli kuhusu kazi yenu: mtihani unapima sanifu kwa sababu ndiyo inayoandikwa magazetini na ofisini kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi, naye anastahili kuimiliki hiyo pia, juu ya aliyonayo. Siku utakayofundisha ngeli ya kwanza, mpe dakika kumi awaonyeshe wenzake "batoto" na "watoto" ubaoni. Kiambishi ba- kimo katika lugha nyingi za Kibantu, na wanafunzi wako wa isimu wataruka kwa furaha. Usimfanye kielelezo bila kumuuliza, lakini. Akikataa, mwache.

Na kama idara yenu inaweza kufungua darasa la waliokulia na lugha nyumbani, dai lifunguliwe. Mtu anayeota kwa Kiswahili hapaswi kukaa miezi mitatu akijifunza kusema "jina langu ni".

Unga wa ugali naupata wapi? Nimenunua wa njano wa dukani, umekuwa uji wa mchanga. — Indiana

Huo wa njano umesagwa kwa ajili ya mikate. Nenda maduka ya Waafrika, au ya Wameksiko utafute unga mweupe wa mahindi, ila soma pakiti: ukiona neno "masa", acha. Mahindi yake yamechemshwa na chokaa kabla ya kusagwa, harufu na mshiko ni vingine kabisa, ugali hauji. Mboga isikupe taabu. Ile inayoitwa collard greens ndiyo sukuma wiki yetu, na watu weusi wa kusini mwa Marekani wameipika vizazi na vizazi. Muulize mmoja wao anavyoipika. Urafiki wangu wa kwanza huko ulianzia kwenye fungu la mboga hizo.

Koti ninunue jipya? — Madison

Hapana. Nenda Goodwill au duka lolote la nguo zilizovaliwa, ambako mitumba huanzia kabla ya kufungwa marobota kuja Karume na Gikomba. Pesa kubwa weka kwenye buti zisizopitisha maji. Vaa nyembamba tatu badala ya nene moja. Na usijifungie ndani. Desemba jua linazama saa kumi na nusu jioni, kwa hiyo toka mchana, hata nusu saa. Ziwa Mendota likishaganda sawasawa utaona watu wanatembea juu yake. Nenda nao, usiende peke yako.

Posho haitoshi. Rafiki ana gari, anataka tushirikiane kupeleka vyakula majumbani jioni. Pia idara wanasema wangependa nibaki mwaka kesho. — Florida

La gari, usifanye. Viza yako ya J-1, ile ya wageni wa mabadilishano, inakuruhusu kazi iliyoandikwa kwenye mpango wako tu. Nyingine yoyote, hata kufundisha mtandaoni kwa malipo, inahitaji ruhusa ya maandishi kutoka kwa waliokuleta. Wapo walimu wazuri waliopoteza kila kitu kwa dola chache za jioni.

La kubaki, wapende lakini wasikuchanganye. Walioletwa kwa fedha za serikali ya Marekani wanabanwa na kanuni ya miaka miwili: lazima ukae nyumbani jumla ya miaka miwili kabla ya kupata viza ya ajira ya H au ukaazi wa kudumu. Kanuni hiyo haikuzuii kuomba viza ya masomo ukiwa nyumbani, na wengi wamerudi kusoma uzamili kwa njia hiyo. Zungumza na idara yako kuhusu hilo.

Mwalimu, kila mtu hapa ananichekea. Mwenzangu wa ofisi aliniambia Septemba, "tukanywe kahawa siku moja." Sasa ni Desemba. Sijaingia nyumba ya mtu hata moja. Nina kasoro gani? — Dada wa Mombasa, Michigan

Huna kasoro, mdogo wangu. Una malezi ya Mombasa, ambako ukipita mlangoni mtu anakula utaambiwa karibu, na karibu hiyo ina sahani ndani yake. Huko maneno ya kahawa ni salamu njema, na kuwa mwaliko yanangoja siku na saa. Mwenzako huenda naye anakungoja wewe. Mwambie: "Jumanne saa kumi jioni, mkahawa wa maktaba, utaweza?" Akisema hawezi, atakutajia siku nyingine. Asipotaja, jaribu kwa mtu mwingine.

Kwetu mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wao wanakupa jembe siku ya kwanza, pamoja na funguo za ofisi, na hakuna atakayeuliza umelalaje. Kuuliza sana wanaona ni kukuchimba. Hilo lilinichukua miaka miwili kulielewa, na miaka ile miwili nililia sana. Kwa hiyo sema: mimi ni mgeni, sina mtu mji huu, ningependa kula nanyi sikukuu hii. Tamko hilo linaona aibu kutoka kinywani mwa Mswahili, najua. Nililitoa Novemba ya mwaka wa tatu, mbele ya walimu wanne, na watatu wakanialika.

Halafu anzisha Meza ya Kiswahili kama chuoni kwenu haipo. Siku moja kwa wiki, saa moja, chai ya tangawizi na mandazi, mtu yeyote anayejua hata "jambo" aje. Watakuja wauguzi waliowahi kufanya kazi Mwanza, wajane wa wamisionari, vijana wa Lubumbashi. Watangazie saa kwa Kizungu pia, maana ukiandika "saa kumi" tu, mwenye bidii atakuja usiku.

Nyumbani wanaona niko Marekani, basi nina pesa. Kila wiki ada, hospitali, mabati. Nisipotuma, nimebadilika. — Pennsylvania

Waambie hesabu yako yote, kwa tarakimu: posho, kodi, chakula, basi. Mwaka wangu wa kwanza kodi ilikula zaidi ya nusu, na dada yangu alipoiona karatasi alinyamaza, kisha akawa ndiye anayenitetea. Amua kiasi kimoja cha mwezi, kipitie kwa mtu mmoja unayemwamini, yeye agawe. Na zima simu usiku. Saa sita mchana kwenu, huko ni saa kumi usiku majira ya baridi, na anayekupigia hajui kwamba asubuhi una darasa.

Mwalimu, baba yangu alifariki Ijumaa. Ujumbe niliupata nikiwa mlangoni mwa darasa. Niliingia nikafundisha saa nzima. Jumamosi alizikwa, nikatazama kwa simu. Sijamwambia mtu yeyote hapa. — Ohio

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Pole sana, mwanangu. Mungu amlaze mahali pema.

Mwambie mkuu wako leo, kwa sentensi moja: baba yangu amefariki. Usieleze zaidi kama huwezi. Atatafuta wa kukushikia darasa. Usiogope kwamba watakuona dhaifu. Wasichokijua hawawezi kukusaidia, na msiba ukiubeba kimya katika nchi ya watu unaweza kukuangusha miezi miwili baadaye, barabarani, bila kutarajia. Vyuo vina washauri nasaha. Nenda, hata kama mara ya kwanza utakaa tu bila kusema.

Ukitaka kwenda nyumbani kwa arobaini, kabla ya kukata tiketi peleka fomu yako ya DS-2019, ile uliyoombea viza ya J-1, kwa ofisi inayokusimamia waweke saini ya safari, na uangalie kama viza yako inaruhusu kuingia tena. Usiondoke bila mambo hayo mawili.

Na kama uko karibu na Columbus, nenda msikitini Ijumaa. Kuna Wasomali wengi pale, wakiwemo watu wa Barawa, mji wa pwani ya Somalia, ambao lugha yao ya Chimiini ni ndugu wa damu wa Kiswahili. Utamsikia mzee akikupa pole kwa maneno utakayoyaelewa. Mama yangu alipofariki nilikuwa na jirani mmoja tu niliyemwambia, mwalimu wa kemia, wala hakujua matanga ni nini. Alikuja na supu, akakaa kwenye kiti cha jikoni mpaka saa sita usiku, hakusema neno.

Niandikie jina la baba. Alhamisi tunasoma khitma hapa nyumbani, nitamtaja.